Ramani Iliyopimwa Masandukuni

Ile ramani bado iko ukutani ofisini, nyuma ya kioo, na kila nikipita mbele yake roho inanichafuka. Nchi nzima ni kijani, yaani salama. Kijani Bujumbura, kijani milimani, kijani mpaka mipakani. Wageni husimama mbele yake na vikombe vya chai mkononi, wakatikisa vichwa na kusema kazi nzuri. Mimi najua kijani kile kilitoka wapi. Kilitoka ndani ya masanduku ya nguo na makabati ya vyombo, na kidogo kilitoka ndani ya kasha la chuma la mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Asiatique. Sehemu yake niliipaka mimi mwenyewe kwa kalamu yangu, kwa hiyo nikisema nimechukizwa, msidhani najitoa.

Kazi ilikuwa hivi. Chini ya ardhi, hasa penye miamba fulani, kunatoka hewa inayoitwa radoni. Haina harufu, haina rangi. Ikipata ufa kwenye sakafu hupanda ndani ya nyumba, na nyumba ikiwa imefungwa hukaa humo. Mtu anaivuta miaka nenda miaka rudi akiwa kitandani kwake, na inaweza kumletea saratani ya mapafu hata kama hajawahi kushika sigara. Nchi yetu haikuwa na ramani ya kuonyesha ni nyumba za wapi zina hewa hiyo. Mradi ukaja, ofisi ikafunguliwa ghorofani Asiatique, juu ya duka la vitenge, nami nikaajiriwa maabara.

Kipimo chenyewe ni kikopo cheusi cha plastiki, ukubwa wake kama kopo la dawa ya viatu. Ndani yake kuna kipande cha plastiki angavu. Unakitundika chumba cha kulala kwa miezi mitatu, kisha kinarudi kwangu. Nakichemsha kile kipande ndani ya dawa kali, nakiweka chini ya hadubini, na kama hewa ile ilikuwepo naona vishimo. Nahesabu vishimo, naandika. Hakuna uganga. Kazi yote inataka jambo moja tu, kikopo kitundikwe hewani mahali watu wanapolala.

Sasa nenda kamwambie mama wa mtaa wa Mutanga Sud kwamba unataka kuingia chumbani kwake. Kwetu mgeni anaishia sebuleni. Sebule ndiyo imepigwa deki, ndiyo ina vitambaa vilivyofumwa juu ya viti, na kule nyuma ya pazia ni siri ya wenyewe. Karatasi za maelekezo zililetwa kutoka mbali, na walioziandika waliona kama kuingia chumba cha mtu ni kuvuka barabara. Siku ya kwanza wawili wetu tulifukuzwa kwenye nyumba tatu mfululizo. Tuliporudi, shefu wetu, mkuu wa mradi, hakutaka hata kukaa chini. Alikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya wafadhili kuja.

"Mupeane tu," alisema. "Mupatie mwenye nyumba, asaini, muende. Atatundika mwenyewe."

Nasi tukapeana. Tulisema kwa mdomo, "tundikeni chumbani," watu wakaitikia "sawa, hakuna shida," wakatia saini, wakatuletea Fanta, tukaondoka. Sikuona ubaya wowote. Kusema kweli nilifurahi, maana jua la Bujumbura halina huruma na fomu zilikuwa nyingi.

Nyumba iliyonihusu mimi ilikuwa mtaa wa Musaga, kwa mama mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye ndiye alinilea. Nyumba yake iko kwenye mteremko. Nusu ya nyuma imechimbwa ndani ya kilima, na huko ndiko kuna chumba chake cha kulala, ukuta wake mmoja ukiwa umeegemea udongo. Baba mkubwa, mume wake, alilala humo zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa karani wa serikali, mtu wa kanisa, asiyevuta sigara wala kukaa na wavutaji. Mwaka mmoja kabla ya mradi alianza kukohoa, akakonda, akaanza kutema damu, akafa kabla mradi haujaja. Hospitali walisema mapafu. Mtaa ukasema sumu.

Na ukishasema sumu, lazima mtu apatikane. Aliyepatikana ni jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mama aliyekuja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi iliyopita, mjane, fundi wa kutengeneza mutobe, ile juisi ya ndizi. Yeye na mama mkubwa waliimba kwaya moja na walikuwa hawanyimani chumvi. Kwetu anayetoa kinywaji hukionja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakina kitu. Kati ya marafiki watu wameacha, maana kumwonjea rafiki ni kama kumwambia najua unaniogopa. Baba mkubwa alikwenda kwa jirani siku ya posa ya binti wa huyo jirani, akapewa mutobe, na yule mama hakuonja. Hakuonja kwa sababu walikuwa kama ndugu. Baba mkubwa alipoanza kuugua, mtaa mzima ukakumbuka glasi ile. "Kikulacho ki nguoni mwako," wakanong'ona, na wengine wakaongeza kwamba watu wa ng'ambo ile unawajua wewe? Niliyasikia maneno hayo, na mdomo wangu sikuufungua.

Mama mkubwa hakuwa amemshtaki. Alikuwa anasitasita tu, hamtembelei, ila wakikutana bado anamsalimu. Nilipompelekea kikopo na kumweleza hewa ile inavyofanya, alikigeuza mkononi.

"Mutoto yangu, hii kitu iko inaweza kuonyesha kama chumba ndio ilimuua baba?"

"Inaweza kuonyesha kama chumba kina hewa mbaya, mama."

"Basi ni vile vile. Kama hewa mbaya iko mu chumba, si yule mama. Kama haiko, mi nitajua."

Nilimwambia haiendi hivyo. Nilimwambia kipimo hakiwezi kuapa juu ya kifo cha mtu. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtoto aliyerudi kutoka shule, akatia saini. Na mimi, mtoto wake, sikuingia chumbani kukitundika. Mtoto haingii chumba walicholala wazazi wake, na mimi nimelelewa vizuri. Nilikiacha mkononi mwake pale sebuleni, nikanywa chai, nikashika gari la kurudi mjini.

Baada ya miezi mitatu tukaenda kukusanya. Nyumba ya kwanza, Mutanga Sud, mama mwenye nyumba alitukaribisha kwa tabasamu, akafungua kabati la vioo, akatoa kikopo kutoka katikati ya glasi za harusi yake. Kilikuwa kinang'aa. Alikuwa amekiosha kwa sabuni na kukifunga kwenye mfuko wa nailoni, maana kitu cha watu hakirudishwi kichafu. Nyumba ya pili, kikopo kilitoka ndani ya valizi ya nguo chini ya kitanda, kimezungushiwa kitenge. Ya tatu, sandukuni tena. Yule mfanyabiashara wa Asiatique alizungusha funguo mbili kwenye kasha lake, akanikabidhi kwa mikono miwili, na kunitaka nihakikishe mbele yake kwamba hakuna kilichopungua.

Wangekuwa wazembe tungepona. Wangekitupa juu ya kitanda, wangekisahau dirishani, wangewapa watoto wachezee, angalau hewa ingekifikia. Lakini watu wetu ukiwapa amana wanailinda. Mali ya mwenyewe hufungwa isiguswe na watoto, isionwe na wezi, ili siku mwenyewe akija asiseme mliichezea. Nchi nzima ilikifungia kikopo kile mahali ambapo hewa haifiki, kwa adabu, na ikaturudishia vitupu, vimeoshwa.

Kwa mama mkubwa nilijua kabla hajainuka kwenye kiti. Alikwenda chumbani, nikasikia kufuli la valizi, akarudi na kifurushi. Nailoni mbili, kila moja na fundo lake, juu yake kitambaa cheupe alichokuwa akifungia sadaka.

"Hakuna mutu alikigusa," alisema. "Hata mi mwenyewe."

Nilimwambia asante. Wallahi, hilo ndilo neno nililopata.

Ofisini nilimweka shefu kando, nikamweleza kila kitu, valizi, kabati, kasha. Nilitegemea ashike kichwa. Yeye alikuwa anakula sambusa. Alifuta vidole kimoja kimoja, akavuta fomu.

"Madamu, hapa wameandika nini? Chambre à coucher, chumba ya kulala. Hiyo valizi ilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Kitanda iko wapi?"

"Chumbani."

"Basi. C'est bon, iko sawa."

Akaendelea na sambusa yake. Mafuta yalikuwa yamebaki kwenye kona ya fomu, alama ya kidole gumba, na mpaka leo nikifikiria utaalamu wa ofisi ile naona gumba lile la mafuta. Ningeweza kukataa. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uliofuata na niliutaka uendelee, hiyo ndiyo sababu nzima, haina nguo nyingine ya kuvaa. Nikakaa, nikaandika "chumba cha kulala" kwenye kila fomu, ya mama mkubwa ikiwemo.

Chini ya hadubini vipande vilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Siku nzima unainama, unatazama, hakuna kitu, unaandika hakuna kitu. Ramani ikatoka kijani. Siku ya kuionyesha kulikuwa na mishikaki na hotuba, na shefu akasema watu wetu walale kwa amani. Kisha kila nyumba ikaandikiwa barua yenye muhuri: kipimo cha chumba chenu kimesomwa, hakuna hatari.

Mama mkubwa aliipokea barua yake siku ya Ijumaa. Jumapili alikwenda kanisani, na jirani aliponyoosha mkono kumsalimu mlangoni, mbele ya kwaya nzima, aliuangalia ule mkono, akapita. Wenzake hawakuhitaji kuelezwa. Barua aliigandisha ukutani chumbani kwake, juu ya kitanda, na kila aliyekuja kumtembelea alionyeshwa, kwanza muhuri na halafu maneno. Yeye ambaye hakuwahi kumpeleka mgeni nyuma ya pazia sasa alikuwa anawaingiza mmoja mmoja. Sebuleni walikuwa wanatoka wakisema, "Sasa inajulikana."

Nami nilikuwa nimekaa pale pale na glasi ya maji, nikisikia, nikinyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa imeshafika Musaga na kurudi. Siku hiyo nilijichukia kuliko nilivyomchukia shefu, na yeye nilimchukia sana.

Kilichonisukuma ni saruji. Wiki chache baadaye nilitumwa nyumbani kwa shefu, Mutanga Sud, kupeleka ripoti aitie saini. Getini kulikuwa na mifuko ya saruji na mchanga. Ndani, fundi alikuwa anatoboa ukuta wa chumba cha kulala aweke dirisha la pili, na mwenzake alikuwa anaziba nyufa za sakafu, kwa uangalifu, kona hadi kona. Hakuna mtu anayeziba sakafu namna ile kwa ajili ya urembo, juu yake kulikuwa kunakuja zulia.

Nikakumbuka kwamba katika kazi yote kulikuwa na vikopo viwili tu ambavyo vilinipa vishimo vingi, navyo havikuwa na fomu. Shefu alikuwa ameniletea mkononi, akisema ni vya majaribio. Nilikuwa nimemhesabia, nikampa karatasi, nikasahau.

"Vile viwili vilikuwa vya hapa," nilimwambia.

Hakuona hata haya. "Nilivitundika vizuri, mi mwenyewe. Kwa hiyo nikajua."

"Kwenye ramani nyumba hii iko kijani."

"Nyumba ya mutu wa ofisi haiingii kwenye hesabu, Madamu. Si professionnel, haifai kikazi." Akatia saini, akanirudishia ripoti, akanisindikiza mpaka getini kwa adabu zote, akaniomba nipite pembeni nisikanyage saruji mbichi.

Nilitembea mpaka barabarani nikasimama karibu na mtaro, nikatapika. Mtu mmoja alinipa maji akidhani nina malaria. Mchana ule ule nilichukua kikopo kimoja kilichobaki kwenye boksi la maabara, bila kuomba ruhusa ya mtu, nikaenda Musaga.

"Nataka kurudia kipimo, mama. Kile cha kwanza hakikufaa."

Uso ulimsawajika. "Hakikufaa namna gani? Ulikikuta na vumbi?"

"Hapana, mama. Hakikuwa na vumbi."

"Mi nilikifunga vizuri."

"Ulikifunga vizuri sana."

Safari hii niliomba kuingia mwenyewe, na kwa kuwa mtaa wote ulikuwa umeshapita humo, hakunikatalia. Nilimkuta baba mkubwa kila mahali, kofia yake, fimbo yake, upande wake wa kitanda uliobonyea. Matundu ya hewa juu ya ukuta yalikuwa yamezibwa kwa matambara, sababu ya mbu. Dirisha lilikuwa moja na lilikuwa limepigiliwa misumari, sababu ya wezi. Kwenye sakafu, kuanzia ukuta wa kilima mpaka chini ya mto wa baba mkubwa, kulikuwa na ufa ambao kidole kinaingia. Nilipiga msumari, nikatundika kikopo, nikamwambia mama mkubwa kuanzia leo alale sebuleni, chumba nikakifunga na ufunguo nikaubeba. Sikumwambia zaidi. Nilijidai nasubiri niwe na hakika, na kwa miezi mitatu mingine nikamwacha jirani abebe jina lile.

Miezi ilipotimia nilikitoa kikopo, na kipande chake nilikichemsha peke yangu, saa ya chakula cha mchana, wengine wakiwa wametoka. Nilipoinama kwenye hadubini nilidhani nimekosea kukisafisha. Vishimo vilijaa kila mahali, kimoja juu ya kingine, kama vumbi la uwanjani likipigwa na matone ya kwanza ya mvua. Nilihesabu mara mbili. Nilipeleka karatasi kwa shefu, akaisoma, akaniuliza fomu iko wapi, nikasema hakuna. Akasema bila fomu hakuna nyumba. Ramani, alisema, imeshachapwa. Niliacha kazi ile mwisho wa mwezi. Ofisini siku hizi napita tu kufuatilia cheti changu cha kazi, ambacho hakiishi kutafutwa, na ndipo naiona ile ramani.

Jioni ya siku ile niliyohesabu vishimo, nilimwambia mama mkubwa yote, kutoka mwanzo. Valizi, fomu, gumba la mafuta, saruji, na mimi. Nilimwambia siwezi kuapa kwamba chumba ndicho kilichomuua baba mkubwa, hakuna anayeweza. Lakini chumba ni kibaya, na barua iliyosema hakina kitu ni uongo, na mkono ulioandika uongo huo ni huu alioufundisha kushika kijiko.

Hakunipiga wala hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Tangu lini ulijua?"

"Tangu siku uliponipa kile kifurushi."

Aliinuka, akaniomba ufunguo, akaenda chumbani, nikasikia karatasi ikibanduliwa ukutani. Akarudi ameifunga barua ndani ya kile kitambaa cheupe cha sadaka, akaniwekea mapajani. "Hii ni kitu yenu," alisema. "Nairudisha." Kisha akatafuta viatu vyake, akasema twende.

Jirani alifungua mlango akabaki ameushika. Miezi ilikuwa imepita bila mtu wa nyumba yetu kugusa kizingiti kile. Alikuwa amekonda. Kule nyuma niliona madumu yake ya mutobe yamepangwa ukutani, yamepinduliwa, makavu. Mama mkubwa alipiga magoti pale pale mlangoni, mzee yule na magoti yake mabovu, na yule mama akamshika mabega kwa hofu, akamwinua, akamkalisha. Niliongea mimi. Nilisema kila kitu tena, na mara hii sikuruka kitu. Alinisikiliza huku akiangalia sakafu, na nilipomaliza alisema, "Mungu asifiwe," kwa sauti ndogo, akaenda jikoni.

Kwetu mtu akija anapewa kitu, hata akija kwa aibu. Alirudi na jagi na glasi tatu. Alikuwa na mutobe kidogo, alisema, wa kunywa mwenyewe. Akamimina glasi ya kwanza, akaigeuza kutoka kwa mama mkubwa, akaipeleka mdomoni kwake, akanywa, akatuonyesha kwamba amemeza.

Mama mkubwa alinyoosha mkono. "Apana, dada. Usionje. Nakuomba."

"Wacha tu," alisema jirani, akamimina ya pili na kuinywa kidogo nayo. "Nimezowea."